Waamuzi Watatu, Upande Mmoja

Dada Perpetua, shikamoo! Mwanza ni joto, na samaki sato hapa ni wakubwa hadi hawaenei kwenye sahani.

Jana nilichezesha mpira wa kikapu na waamuzi wenzangu wawili. Nikapuliza faulo, nikaripoti kwenye meza ya waandika matokeo. Hapo nilitakiwa kuvuka uwanja, nibadilishane nafasi na mwenzangu. Nikasahau. Yeye akaja upande wangu, wa tatu naye akatufuata. Mpira ukaanza tena, sisi tumejipanga kama abiria wa kivuko, ng'ambo hakuna mtu.

Kocha akapaza sauti: "Niwaletee benchi?"

Nikasimamisha mchezo. "Kosa ni langu," nikasema, nikavuka huku nazomewa.

Baadaye msimamizi wa waamuzi akaniambia, "Wengine wangejifanya hawajaona. Kesho unachezesha fainali."

Mama usimwambie, anajua nimekuja harusini. Nakupenda, hata ukicheka.

Mdogo wako, Leokadia