Nimemlilia Mume wa Mtu, na Mjane Wake Ameacha Kulia

Kwako Shangazi Candia, mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia, nisaidie kabla sijaharibu kabisa nyumba ya watu ambao hawajanikosea chochote.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, Mtanzania wa Makambako, kanisa langu limenituma huku Koboko, nchi ya jirani, kwa mwaka mmoja na nusu kuhubiri na kutembelea watu, nimebakiza miezi mitano, naishi chumba kimoja na mwenzangu Kevina ambaye ni wa Arua, na sheria yetu ni kwamba hatuachani, hata kununua nyanya sokoni tunakwenda wawili, kila asubuhi tunatembea kwa miguu hadi kijiji cha Lurujo na vumbi linatupanda mpaka magotini, kuna wanaotukaribisha ugali wa muhogo na mboga ya ufuta na kuna wanaofunga mlango wakituona, na Jumatatu ndiyo siku yetu ya kufua na kupiga simu nyumbani.

Sasa Shangazi, baba yangu alikuwa mgonjwa wa figo tangu kabla sijaondoka, na siku ananisindikiza stendi aliniambia mbele ya mama, "Usikatishe kazi ya Mungu kwa ajili yangu, hata ukisikia nimekufa," nami nikacheka kwa sababu sikujua la kufanya, basi mwisho wa mwezi wa tatu binamu yangu akaweka picha kwenye status ya simu yake, akaifuta baada ya dakika chache lakini mimi nilikuwa nimeshaiona, ni msalaba wa mbao wenye jina la baba, amefariki tarehe tisa Machi, yaani wiki tatu zilikuwa zimepita na katika wiki hizo nilikuwa nimeongea na mama kila Jumatatu, akiniambia baba amelala, baba yuko shambani, baba koo limemkauka hawezi kuongea.

Mpaka leo sijamwambia mama kwamba najua. Sijamwambia hata Kevina, kwa sababu Kevina angemwambia kiongozi wetu, kiongozi angempigia mama, na mama angejua uongo wake umeanguka, nami naona uongo huo ndio unaomsimamisha, na nikuambie ukweli wote Shangazi, mimi mwenyewe naupenda, maana mama akisema baba yuko shambani, kwa dakika kumi baba anakuwa shambani kweli, nami nasema, "Msalimie," na mama anajibu, "Zimefika."

Kosa langu ni hili. Huku tunakwenda sana misibani, wiki haipiti bila msiba, tunaimba, tunachota maji, tunakaa na kina mama, na tangu nilipoiona ile picha nikaanza kulia huko kwa watu nisiowajua, nikawa natoka mwepesi, mpaka ikafika mahali nausubiri msiba, Mungu anisamehe, nikiamka namuuliza Kevina kama kuna mtu amefariki. Watu wakanisifu, wakasema huyu dada ana huruma.

Ndipo akafariki mzee Moris wa Lurujo, mwanajeshi mstaafu wa rika la baba yangu, mtu niliyeonana naye mara mbili tu, mara ya kwanza akimshonea Kevina kandambili iliyokatika na mara ya pili akitusalimia njiani, na siku ya mazishi wakati wa kutupa udongo nikashindwa kujizuia, nikaanguka juu ya lile rundo nikapiga kelele, "Umeondoka bila kuniaga! Nikirudi nani atanipokea?" Mke wake Santina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, akanyamaza, akawa ananitazama mimi.

Siku ya nne tulipokwenda kumpa pole wanawake wote wakakatisha mazungumzo, Santina akaja mpaka mbele yangu akasema, "Wewe dada, iko nini kati yako na mzee yangu? Mimi bibi yake nalia kidogo, wewe nalia mpaka naanguka. Mutu hapana lia hivi kwa mutu ya bure." Kevina alikuwa bega kwa bega na mimi, ningefungua mdomo siri yote ingetoka, basi nikainamisha kichwa, sikujibu neno. Kile kimya wakakichukua kuwa ndiyo.

Tangu siku hiyo Santina ameondoka kwenye mkeka wa msiba, ameshusha picha ya mumewe ukutani, anapalilia muhogo wake na halii tena, na shemeji zake wanasema mwisho wa mwezi ukoo ukikaa kumaliza matanga wataniita waniulize kama nina mimba ya ndugu yao. Kevina naye siku hizi ananiangalia kama mtu asiyenijua. Nimefikiria nimwombe kiongozi anihamishie Arua mjini ili jambo hili lipoe lenyewe, je, Shangazi, nitakuwa nimekosea?

Binti wa Makambako, Koboko

*Shangazi Candia anajibu:*

Marahaba, binti. Pole na msiba. Naanza na hilo kwa sababu tangu mwezi wa tatu hakuna aliyekupa pole, na mfiwa lazima apewe. Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo acha kutetemeka.

Sasa kaa chini nikuseme. Mimi nimezaliwa Manibe, hukohuko karibu na Arua, na nimezika watu wengi kuliko umri wako. Kwetu mgeni akija kulia nasi tunamshukuru, lakini pale kaburini sauti ya kwanza ni ya mjane. Msichana asiyejulikana akilia kumzidi, maana yake ni moja tu, na hata watoto wanaijua. Hukukusudia, naamini. Lakini Santina alipokuuliza uso kwa uso nawe ukainamisha kichwa, hapo ulichagua. Ulijiwekea siri yako, ukamwachia yeye aibu.

Mama huyo amefiwa mara mbili kwa wiki moja, kwanza mume, halafu miaka yote aliyokaa na huyo mume. Nawe unaniuliza habari za uhamisho! Hamia Arua uone, watasema umekwenda kuzalia mjini. Mficha maradhi kilio humfichua, wewe kilio kimeshakufichua mbele ya kijiji kizima, ila watu wamekielewa vibaya.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, mkiwa njiani, mwambie Kevina kila kitu, na kama ni lazima amwambie kiongozi, amwambie. Nendeni moja kwa moja kwa Santina. Usimpelekee sukari wala sabuni, ataona unalipa fidia. Kaa chini, usingoje kiti. Sema: baba yangu alikufa tarehe tisa Machi, sikumzika, nikamlilia kwenye kaburi la mume wako, nisamehe. Mpe namba ya binamu yako aulize mwenyewe. Akikutukana nyamaza, akikupiga kofi nyamaza vilevile. Kisha mwombe awaite shemeji zake urudie mbele yao, mwisho wa mwezi ni mbali mno.

Siku hiyohiyo mpigie mama yako, hata kama si Jumatatu. Usimuulize kwa nini alikuficha. Sema tu, "Mama, najua." Eti uongo ndio unaomsimamisha! Hebu fikiri, mwanamke aliyefiwa anatunga kila wiki mahali mumewe alipokwenda, anakujibu kwa sauti ya kawaida, anakata simu, ndipo analia peke yake. Una wajane wawili sasa ambao umewazibia kilio, mmoja Lurujo na mmoja Makambako, na wote wawili wanakungoja wewe useme.

Kama utamaliza hiyo miezi mitano au utarudi nyumbani, amueni wewe na mama yako, mimi simo. Baba yako alikukataza kukatisha kazi. Hakukukataza kulia, na kama una machozi bado, yalie kwa jina lake.

Sikuahidi kwamba Santina atakuamini. Shaka ikishaingia kwenye nyumba ya msiba haitoki upesi, huenda akazeeka nayo, na hilo utalibeba. Lakini Moris yuko kaburini na kosa ambalo hakulitenda, na yeye hana mdomo tena. Wewe unao. Nenda.