Ugali wa Wimbi Bandarini Nansio

Jumanne, Aprili 1956. Nansio, Ukerewe. Manyunyu tangu asubuhi.

Daftari langu, leo nimeaibika na nimeshiba. Yote kwa mkono wa mwanamke mmoja.

Meli yetu imetia nanga hapa ikingoja mvua iache, marobota ya pamba yasilowe. Nami, mzee wa kuchochea moto wa meli, nikashuka na mvi zangu nimezipaka mafuta. Miaka minne sasa nakula wali wa melini wenye ladha ya masizi. Huko kwenye vibanda pua ikanivuta: wimbi! Na maziwa ya mgando katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Ya kwetu Nyanungu kabisa.

Mpishi alikuwa Mkurya mwenzangu, mnene, mcheshi. Nikaketi karibu kuliko inavyotakiwa. Nikamwambia mikono kama hiyo inafaa kunitunza mimi.

Hakukasirika. Akaniuliza rika langu, kama watu wetu wanavyoulizana. Nikalitaja kwa kifua mbele.

"Shikamoo, baba. Hilo ni rika la baba yangu."

Basi.

Kwetu binti wa mtu wa rika lako ni binti yako. Kumtongoza ni kosa la kuitiwa wazee. Nikavuta kigoda nyuma. Mabaharia wenzangu, Wajaluo na Wakerewe, wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Lakini binti akanipa heshima ya baba: nikapakuliwa wa kwanza, na kibuyu nikashika mimi kabla ya wote. Nikamega tonge, nikachovya.

Akauliza mama, yaani mke wangu, yuko wapi. Nikasema yuko Nyanungu, nilimuaga nikisema narudi baada ya mavuno.

"Mavuno yapi, baba?"

Yamepita manne. Kila tukifika Musoma, bandari ya kushukia kwenda kwetu, najificha chumba cha tanuru, eti kazi nyingi. Uongo. Naogopa mke wangu atanitazama tu, asiseme neno, aendelee kupepeta wimbi wake.

Nikanyoosha sahani niongezewe. Akafunika chungu.

"Wa pili ukale kwa mama."

Mtoto gani huyu, anamnyima baba chakula!

Keshokutwa tunafika Musoma. Nimeshamwambia mkubwa wangu atafute mchochea moto mwingine.

Mama, ukitaka kunifukuza, nifukuze. Ila tule kwanza.