Miruko Ambayo Sikuihesabu

Dada yangu mpenzi,

...na anataka nimjibu kwa namba. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika simu ilipokatika. Kila asubuhi, kabla hata sijafikicha macho, mume wangu ananiuliza nimelalaje, moja hadi kumi. Siku ya kwanza baada ya harusi nilimjibu kumi na moja. Akaniambia kwa upole kwamba kipimo chake hakifiki huko, kisha akageukia ukutani akicheka peke yake. Dada, nimeolewa na mtu wa ajabu, na ninampenda mpaka naona haya.

Lakini ngoja nikusalimu kwanza, usije ukasema ndoa imenisahaulisha adabu. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji hajambo, na zile saa za watu anazozifumua mezani? Mama je, kifua kimetulia? Na goti lako linasemaje na baridi hii? Sisi huku ni wazima. Huu ni mwezi wa tatu, na bado mtu akiniita mke wa fulani nageuka nyuma kumtafuta huyo mke.

Uliniuliza hasa anafanya kazi gani, maana mama amewaambia majirani kwamba ni daktari. Si daktari. Yuko kwenye timu ya wanawake ya mpira wa wavu, hawa ambao kucheza ndiyo ajira yao, na kazi yake ni kujua nani amechoka. Asubuhi kila mchezaji anajaza kikaratasi: amelala saa ngapi, miguu ni mizito kiasi gani, wapi panauma na panauma vipi. Mazoezini wanafunga kiunoni kidude kidogo kama kiberiti, kinahesabu kila wanaporuka. Wakimaliza anasubiri nusu saa jasho likauke, ndipo anamuuliza kila mmoja mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani, na jibu hilo analizidisha kwa dakika alizocheza. Kisha anaiweka wiki hii kando ya wiki zilizopita. Hesabu hiyo, ambayo wao huiita mzigo, ikipanda ghafla, anakwenda kwa kocha kusema fulani apumzishwe. Kocha anamwita Breki. Anasema timu nzima ni gari zuri, ila limepewa breki moja kubwa kuliko injini.

Mimi namsaidia nikitoka kwenye cherehani, na hata kukutana kwetu ni kwa sababu ya cherehani. Nilipeleka jezi za timu, nikiwa nimeishona namba sita kichwa chini, wakawa na tisa wawili. Wote walicheka. Yeye aliniuliza kama usiku uliopita nililala vizuri. Niambie wewe, nani angeponea hapo?

Chumba chetu kiko chini ya majukwaa. Kina dirisha moja, meza moja na harufu ya dawa ya kuchua. Yeye anafuatilia mazoezi, mimi naingiza vikaratasi kwenye kompyuta, na kupitia mlango nasikia viatu vikilia sakafuni: kimya kidogo mtu akiwa hewani, halafu kishindo cha kutua. Kishindo hicho, dada, ndicho kinachonirudisha kwetu kila siku.

Nakuona ukiwa na jezi ya timu ya kiwanda, ile ya bluu iliyopauka mabegani. Watu walikuita Springi. Mama alikukataza kurukaruka ndani, akidai siku moja utatoboa bati kwa kichwa na yeye hana bati lingine. Jioni uliloweka miguu kwenye beseni, mimi nakuongezea maji ya moto, wewe unanisimulia mchezo wote upya kana kwamba sikuwepo. Na nilikuwepo kila siku. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, naketi kwenye benchi na daftari, kwa sababu mwalimu wenu wa timu alikuwa amenipa kazi. Unakumbuka goti lilivyoanza kukuvimba? Mwalimu alisema usivuke miruko sitini kwa siku mpaka uvimbe upungue. Kila ukiruka nachora kijistari, vikifika sitini nainua mkono, nawe unatoka ukimlaani mwalimu chini chini. Ulisema mzee yule anakutunza kama yai la kuku wa watu. Siku zile sijui kama nilikuwa na furaha nyingine zaidi ya kukutazama ukiwa juu.

Sasa nikuambie ya wiki mbili zilizopita. Kuna mchezaji tunayemwita Korongo, kwa miguu yake. Ananipenda, ananiita bi harusi, kila asubuhi ananidhihaki kwamba macho yangu yanaonyesha Breki hana breki. Siku ya Jumatano alikuja na kikaratasi chake mkononi. Kwenye goti alikuwa ameandika saba. Akaniomba kwenye kompyuta niandike mbili. Jumamosi kulikuwa na nusu fainali, na ameisubiri tangu aanze kucheza. Alisema goti ni lake, maumivu ni yake, na mimi ni mwanamke mwenzake, nitaelewa. Dada, niliandika mbili.

Tulipokuwa tunakula mchana, mume wangu akaniambia kwa furaha kwamba goti la Korongo limetulia na Jumamosi atacheza mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anaamini kabisa kile nilichokiandika. Nililirudisha tonge sahanini. Nilimwambia palepale kwamba ile mbili ni saba. Hakugomba. Alisukuma sahani pembeni, akaniuliza kwa nini nimeacha kula kwa namba moja ambayo bado haijamdhuru mtu. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia kiumbe, na sasa nakuambia wewe, ingawa wewe ndiye uliyepaswa kulisikia kwanza.

Wiki ile ya mwisho, wateuzi wa timu kubwa walipokuwa wanakuja kukutazama, nilidanganya kwenye daftari. Hukuniomba, wala hukujua. Ulikuwa ukiruka mara mbili nachora kijistari kimoja. Siku iliyoandikwa hamsini na nane uliruka zaidi ya mia. Siku nne mfululizo nilifanya hivyo. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako, na kweli nilitaka uchaguliwe kuliko nilivyotaka kitu chochote. Lakini ulikuwa umeniahidi kwamba ukichaguliwa utanichukua nikaishi nawe, na hilo nalo lilikuwemo kwenye kalamu yangu. Jumamosi asubuhi mwalimu alilifungua daftari, akaniuliza kama hesabu ni sahihi. Nikamwambia ni sahihi. Akasema basi binti amepumzika vya kutosha, acheze seti zote. Seti ya nne goti likateguka.

Unajua yaliyofuata. Watu walisema mzee amekumaliza, kiwanda kikamwondoa, na wewe hadi leo hutaki kumtaja. Siku ya harusi yangu alikuja, akaketi viti vya nyuma na koti lake lililonyooshwa pasi, ukapita mbele yake kama unapita mbele ya ukuta. Nilikuona. Nilikuwa nacheka na kupigwa picha, na nikanyamaza tena.

Mume wangu nilimwomba aniambie kwamba si mimi. Hakuniambia hivyo. Alisema hakuna hesabu inayoweza kuonyesha mruko upi ulilimaliza goti lako, huenda lingeteguka hata kama ungepumzika, huenda lisingeteguka. Ila alisema mwalimu aliamua kwa kuliamini daftari, na daftari lilikuwa la uongo, na watu wawili wamebeba jambo hili bila kujua wamebeba nini. Halafu akaniosha uso kwa maji ya kunywa, maana ndiyo yaliyokuwa karibu, akaenda kumweleza kocha ukweli. Korongo aliketi benchi. Timu ilifungwa. Sasa ananipita bila salamu, na mimi kompyuta siigusi tena mpaka mume wangu aniamini. Anasema ataniamini, ila hajasema lini, na hilo nalo nampendea.

Naandika kwa furaha na aibu kwa pamoja, kama unavyoona mwandiko unavyopanda na kushuka. Nisalimie shemeji. Mama mpe shikamoo zangu, lakini haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Usinipigie simu, dada. Sitaki unisamehe haraka kwa kuwa umesikia nalia.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja. Shemeji yako atabaki kuzungumza na mama. Mimi nitakwenda kwa mwalimu kumwambia kwa mdomo wangu, na nitapita mlangoni kwako kwanza. Ukitaka kufuatana nami tutakwenda polepole, kwa mwendo wa goti lako. Usipotaka nitakwenda peke yangu, kisha nitarudi nikae kizingitini kwako mpaka utakaponiambia niingie.

Ni mimi mdogo wako,
mke wa Breki