Simu ya Mama Mkwe

Jumapili, alasiri.

Mvua inapiga mabati ya Nyamirambo tangu adhana ya adhuhuri, na mimi naandika kwa sababu kuongea kunaniuma. Mdomo wa chini umeshonwa. Nikicheka unafunguka, ila leo sioni cha kuchekesha.

Nilipigwa jana. Nalisema mapema nisije nikaanza kulizungusha.

Wanaonisoma hapa wanaijua kazi yangu. Nina kabati la kioo kwenye baraza la mafundi cherehani, na ndani yake simu za mtumba. Mdogo wangu Issa anatengeneza, mimi nauza. Mimi ndiye mwenye mdomo, ndivyo watu wa mtaa wanavyosema, na mdomo wenyewe ndio huu.

Simu iliyoniponza ilikuwa nzuri, haina hata mkwaruzo. Niliinunua kwa Papa Keza, dereva wa Nyarutarama, mtaa wa wenye nacho. Bosi wake, mzungu, alimaliza mkataba akarudi kwao, na siku ya kuagana akamwachia simu yake. Aliondoa namba ya kufungulia kioo, akasahau kutoa akaunti yake. Ni sawa na mtu kukuachia mlango wazi huku hati ya nyumba imebaki kwa jina lake. Ukiitumia hivyo hivyo, simu inakutumikia vizuri. Ukiifuta yote ianze upya, inakuuliza mwenyewe ni nani, na usipolijua neno la siri la yule mzungu, umeshika kigae.

Hakuna muuza simu mjini hapa asiyezijua hizi. Tunaziuza, tena kwa kupunguza bei, na mnunuzi tunampa onyo moja: tumia, usiifute. Dezire nilimpa onyo hilo. Nilirudia, na Issa yupo shahidi.

Dezire ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Alikuja Jumatano amechana nywele, akaniita dada, akaomba simu inayofaa kwa mama mkwe. Wazee wake walikuwa wanakwenda kwa kina Clarisse, mchumba wake, kwa kile Wanyarwanda wanachokiita gufata irembo, yaani kubisha hodi rasmi kabla ya siku ya kuposa. Ng'ombe wana siku yao, alisema, lakini mkono mtupu haulambwi. Nilimpenda kwa maneno hayo. Hata kifuniko cha simu nilimpa bure.

Onyo langu hakulifikisha kule. Nimelala nikiliwaza jambo hili, na ingawa namchukia, hapo namwelewa. Utampa mama mkwe zawadi kwa mikono miwili, umeinamisha kichwa, halafu umwambie usije ukagusa hapa? Zawadi yenye masharti imekuwa mkopo. Akaona haya, akanyamaza.

Basi kaka yake Clarisse, mtu wa ofisi huko Kimihurura, akaipokea simu kutoka kwa mama yake na kwa adabu zake njema akaifuta yote palepale sebuleni, ili mama aanze na simu iliyo safi. Simu ikawaka upya, ikaomba akaunti ya mwenyewe. Wakamuuliza Dezire. Dezire hana. Baba mdogo wa binti akauliza mbele ya wageni kama mkwe wao kazi yake ni pikipiki tu au ana nyingine ya usiku. Wazee wa Dezire waliondoka wakaacha chupa mezani zina bia nusu. Kwa watu wale, huko ni kufukuzwa.

Haya yote nimeyajua baadaye. Jana asubuhi sikuwa na habari.

Jana ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, mji mzima unapofunga maduka na kutoka kwenda kufanya usafi. Sisi tulizibua mtaro wa chini ya msikiti. Nilirudi na buti zangu za mpira zimejaa tope, nikaanza kufungua kabati. Nyuma yangu majirani walikuwa wanapanda barabara na majembe, mafyekeo na mapanga yao, wanataniana kuhusu nani alifanya kazi na nani alishikilia mpini tu.

Dezire akaja na kaka zake wawili. Hakusalimia. Aliibamiza simu juu ya kioo cha kabati mpaka kikapasuka.

"Wewe mama, uliniuzia simu iko ya mwizi," alisema. "Sasa kule banasema mimi ndiyo mwizi."

Nilimwambia si ya wizi, na kwamba nilimkataza kuifuta. Ningeishia hapo leo ningekuwa nakula chakula kigumu. Lakini sikuishia hapo. Nilimuuliza, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, ni mwanaume gani anayeogopa kumwambia mama mkwe neno moja.

Alinipiga kwa helmeti mdomoni.

Nilisikia jino likivunjika kabla sijasikia maumivu. Niliangukia kabati, kioo kilichobaki kikaja nami chini, simu zikatapakaa kwenye tope. Nilikuwa nimelala kwenye vigae vya kioo, mkono mmoja umechanika, aliponipiga tena sikioni. Hilo la pili ndilo siwezi kulisamehe. La kwanza ni hasira. La pili aliinama ili anifikie.

Kaka zake walikuwa wamemkaba Issa ukutani, mmoja anashika koo, mwingine anapiga tumbo. Issa, mpole huyu ambaye hata mende anamfukuza kwa karatasi, alimng'ata mmoja mkono na hakuachia. Yule mtu alilia.

Ndipo mtu akapaza sauti: umujura! Sijui ni nani, na sijui alimkusudia nani. Neno hilo likishatoka, watu hawaulizi mwizi yupi. Walituona sisi wa mtaani tumelowa damu, wakamwona mgeni na helmeti mkononi. Wakamjia Dezire. Kaka zake walikimbia, sikuwaona tena.

Walimwangusha, wakampiga ngumi, mateke, mipini ya majembe. Mafundi cherehani, watu ninaowaazima sukari. Yule mama anayeuza maandazi pembeni alimpiga kwa ndoo. Niliinuka nikashika nguzo. Mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kwamba huyu hajaiba kitu, kwamba amekuja na simu aliyonunua kwangu kwa jasho lake. Neno moja tu langu lingetosha.

Sikulisema.

Nilitema damu, nikasogea, watu wakanipisha kama mgeni rasmi, nikampiga teke la uso na buti ya mpira. Halafu lingine. Nilihisi pua yake ikivunjika chini ya mguu wangu, na nilifurahi. Naandika tena ili nisijidanganye kesho: nilifurahi.

Sijui ningepiga ngapi. Kijana mmoja nisiyemfahamu vizuri alipenya akainua panga, lile la kukatia nyasi za mtaro.

Nimekulia Kigoma, si hapa. Lakini hata mimi najua kwamba katika nchi hii kuna kitu hakiinuliwi juu ya mtu aliyelala chini. Mama Esperansi, mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, mwanamke wa makamo asiyepaza sauti hata kwenye mikutano, alisema, "Shyira hasi." Weka chini. Hakusema kwa nguvu. Yule kijana aliweka. Kisha wengine wote wakaweka, mmoja mmoja, majembe, mafyekeo, mpaka ndoo ya maandazi, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Wazee wawili walikuwa wamekaa chini pale pale kwenye tope. Mama Esperansi akavua kitenge chake cha mabegani akamfunika Dezire.

Baadaye wakaja polisi, wakatuandika, tunarudi kwao kesho. Mimi nilishonwa. Issa anatembea amejikunja. Dezire yuko hospitali, mbavu na pua. Nilipoambiwa atapona, nilishukuru Mungu, kisha nikakasirika kwamba nimeshukuru.

Leo ningelala. Ila mvua ilipoanza, mtu alibisha hodi. Binti mrefu, sketi ya kanisani imelowa, mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko ile simu. Alikuwa ameitoa polisi? Hapana, akasema, kwao vilibaki kifuniko na chaja tu. Simu yenyewe aliiokota mmoja wa mafundi akamkabidhi hapo nje. Huyo ndiye Clarisse. Sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia naye pia, ikashindikana, maana jambo la kwanza alilofanya ni kuvua viatu mlangoni na kuuliza kama nimeweza kula.

Aliomba nimweleze habari ya simu. Nikamweleza yote, ya Papa Keza, ya mzungu, ya akaunti iliyosahaulika. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema baba yake amekubali kuwasikiliza kina Dezire kwa mara ya mwisho. Nikienda mimi muuzaji kusimama mbele yao niseme simu si ya wizi, wazee watarudi kukaa, na ndoa itafungwa.

Fikiria. Mtu amenitoa jino, na mimi nivae kitenge kizuri nikamsafishie jina.

Nilikuwa nafungua kinywa nikatae. Yeye akawahi.

"Da Ziada, mbabarira, unisamehe, iko kitu kimoja nataka kujua," alisema. Alikuwa anatazama mshono wangu. "Dezire anasema ni kaka zake balikupiga. Yeye alikuwa anabazuia. Iko kweli?"

Kumbe hilo ndilo lililomleta kwenye mvua.

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na mdomo wangu haukuwa na nguvu ya maneno marefu. Ningesema ndiyo, ningeenda kwa baba yake, mambo yangeisha, watu wangesema Ziada ana moyo. Nilimtazama alivyokaa, magoti pamoja, amekumbatia mfuko. Hakuuliza kama mtu anayesikia jambo geni. Aliuliza kama mtu anayehakikisha.

"Ni yeye," nilisema. "Kwa helmeti. Na la pili alinipiga nikiwa nimeshaanguka."

Hakulia. Kisha akaweka mfuko juu ya meza yangu, taratibu.

"Basi usikuje kwetu," alisema. "Kama ingekuwa simu tu, ningekuomba ukuje. Nitabaambia mwenyewe."

Akavaa viatu akaondoka, hakungoja hata mwavuli. Issa alitoka chumbani akauliza alitaka nini. Nikamwambia amerudisha simu.

Na haya ndiyo sikumwambia Clarisse: sikumwambia mchumba wake alipigwa kwa kosa asilofanya, wala kwamba nilijua nikanyamaza. Sikumwambia kuhusu buti zangu. Alikuja kuuliza ni nani anayempiga mtu aliyelala chini, na nilimpa jina moja. Majina yalikuwa mawili.

Nilichomwambia ni kweli, kila neno. Lakini nilipokitamka nilisikia ndani yangu furaha ileile ya jana, na sasa sijui kama nilikuwa namwokoa binti wa watu, au nilikuwa nampiga Dezire teke la tatu.

Kesho kule polisi nitayataja na yale mateke mawili ya kwanza.

La tatu, Clarisse angeniuliza tena, ningejibu vilevile.