Kidole cha Kura

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Nimechoka! Nimesahihisha imla ya darasa la saba mpaka macho yanawasha. Sentensi moja imewaangusha wote: "Wanakijiji walipiga kura." Wameandika walipiga kula. Walipiga kula! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu kicheko kikakatika. Hata Nyanzala kaandika hivyohivyo, na yeye ndiye tegemeo letu. Mwaka juzi hakuchaguliwa mtoto hata mmoja kwenda sekondari, mwaka jana vilevile.

Tena hawajakosea. Wameandika nilichowasomea. Mkono wangu unaijua r, ulimi ndio hauijui. Sisi Wapimbwe r tunaiona vitabuni tu. Watoto wa Kisukuma nao ni walewale.

Jumatano, 8 Septemba

Nimemwomba Mwalimu Mkuu Telesphor asome yeye. Akakohoa, akasimama wima, akasoma — kula! Mfipa huyu naye! Anasema nisijitese, watoto watazoea. Watazoea lini? Mtihani mwezi ujao.

Ijumaa, 10 Septemba

Dawa imepatikana! Likija neno lenye r, nainua kidole cha shahada. Kidole chini, ni l. Leo Nyanzala hajakosa neno hata moja. Barua, kura, kupura mpunga, yote sawa. Darasa zima likapiga makofi. Nimefurahi, kwa nini nisiseme.

Jumanne, 21 Septemba

Bega linauma. Asubuhi jembe shamba la shule, jioni imla, kidole juu, kidole chini. Chaki zimebaki vipande.

Manyanda, baba yake Nyanzala, kaja na fimbo yake ya kuchungia, akasimama mlangoni mpaka tulipomaliza. Malisho yamekwisha, anahamisha ng'ombe. Binti akichaguliwa, atamwacha asome. Asipochaguliwa, wanaondoka naye, na mchumba kashapatikana. Alisema kwa upole kabisa, sikuwa na pa kumgombeza. Nyanzala alikuwa anafuta ubao uliokwisha kufutika.

Jumatatu, 4 Oktoba

Msimamizi wa mtihani kafika, ndiye atakayesoma imla kesho. Mtu wa Tanga, maneno yanamteleza mdomoni. Kaingia darasani kusalimia — na watoto wanamtazama mikono! Mikono, si mdomo.

Nikamwita Nyanzala pembeni. Kesho hakuna kidole, mwanangu. Sikiliza vizuri, yeye anaisema r yenyewe.

"Nasikiliza, mwalimu," akasema. "Lakini nyie wote mnasema sawasawa tu."

Nimewafundisha kutazama. Kusikia sikuwafundisha. Mjinga mimi!

Jumanne, 5 Oktoba

Asubuhi. Walimu haturuhusiwi kusogelea darasa. Nimekaa kizingiti cha stoo ya majembe, shajara gotini. Dirisha halina kioo, namsikia msimamizi neno kwa neno. Ni mtu mzuri, anasoma taratibu, kila sentensi mara tatu.

Ya kwanza imepita. Nyanzala kainama, anaandika.

Ya pili: "Barua ilirudi kwa karani." Mungu wangu! Sentensi nzima wameijaza r.

Nyanzala kaacha kuandika. Kanyanyua kichwa. Ananitafuta — kaniona. Hanitazami usoni, anatazama mkono wangu. Na Enoka nyuma yake, naye anatazama huku.

Msimamizi kawapa mgongo, anatembea kuelekea ubaoni. Telesphor yuko ofisini. Hakuna mtu mzima wa kuniona. Kidole tu. Hata sauti hakina.

Wakinishika, darasa zima linafutiwa mtihani. Nisipoinua, Manyanda ameshafunga mizigo.

Anasoma mara ya pili. Bado ananitazama.

Kidole nimekikaza kwenye kalamu. Ndiyo maana naandika, siandiki kwa lolote lingine. Nikiacha kitanyanyuka chenyewe. Basi naandika. Barua. Karani. Kupura. Kura. Nyanzala, usinitazame hivyo. Barua. Karani.

Anavuta pumzi asome mara ya tatu. Wino nao umeanza kukata