Mkono wa Baba Kwenye Gia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua haitaki kutuaga na paa la jikoni limeanza tena visa vyake. Kiherehere wako, kama ulivyonibatiza tukiwa wadogo, hajabadilika.

Uliniuliza kwenye simu kama Baba bado anatukumbuka, ili ujue kama uje sasa au usubiri mkataba wako wa kazi uishe. Nikakujibu kwamba anakula vizuri. Najua uligundua kuwa nimekwepa. Basi nivumilie kwanza nikupe habari za gari.

Hili gari nililonunua lina klachi mbili ndani, lakini pedeli ya klachi halina. Fundi alinieleza kwamba klachi moja ikiwa imeshika gia hii, nyingine imekwisha kuandaa gia inayofuata, ndiyo maana huhisi mshtuko. Ukiliacha kwenye otomatiki linabadilisha lenyewe. Mimi mvivu nililipenda hivyo hivyo. Baba akanuna. Siku ya kwanza tukiteremka mlima wa shule, gari likaweka gia kubwa ili kuokoa mafuta, naye akauliza ni gari gani hili linalojiachia mteremkoni kama mlevi. Kisha akanyoosha mkono, akasogeza kijiti upande wa gia za mkono, akapangua hadi gia ndogo. Injini ikanguruma, gari likatulia.

Tangu hapo tunaendesha wawili. Jioni mvua ikipungua, mimi nashika usukani na kukanyaga mafuta, yeye anabadilisha gia akiwa kiti cha pembeni, maana hakuna klachi ya kukanyaga. Anafumba macho kabisa. Anasikiliza injini tu, na mkono unakwenda wenyewe: tatu kabla ya kona, mbili kwenye mteremko, kama miaka ile ya malori. Akikosea, gari linakataa, linabaki kwenye gia yake. Ukungu unashuka, taa za nyumba zinaelea pembeni, na mimi natamani barabara isiishe. Nina furaha, kaka, kuliko nilivyowahi kuwa.

Sasa nikujibu swali lako. Baba hanijui tena. Ananiita utingo. Anadhani mimi ndiye msaidizi wake wa lori, na kabla hatujaondoka huniamuru nikague matairi. Nakagua.

Juzi tukishuka mlima, bado amefumba macho, aliniambia kwamba nyumbani ana binti. Alisema binti huyo anaendesha vizuri kuliko wanaume wengi aliowafundisha yeye, ila kiherehere chake hakina dawa, na siku moja atanikutanisha naye. Nikamjibu kwamba nitafurahi sana kumfahamu. Akaniuliza mbona napunguza mwendo, nikasingizia ukungu.

Kwa hiyo usisubiri mkataba. Huenda wewe pia asikujue, lakini kiti cha nyuma kipo wazi, na utamsikia anavyopangua gia. Huyo bado ni Baba yuleyule.

Msalimie wifi. Watoto waambie babu yao bado yuko barabarani.

Ni mimi mdogo wako, utingo wa Baba,

Kiherehere