Mbegu Kwenye Kitenge cha Shangazi

Editha anaolewa, dada! Wanaleta mahari, na aliyetamka ni yule yule shangazi wa mchumba aliyetaka kuvunja. Nimeanza na hilo maana lingenipasua kifua kabla sijafika kwenye salamu.

Sasa shikamoo, dada yangu Skola. Mnaendeleaje hapo Kasulu? Mguu wako umekubali kile kilima cha kisimani? Sisi wa Kigwa wazima. Tumbaku karibu yote imetoka kwenye mabani ya kukaushia, na Baba Editha kikohozi kimemwachia. Mimi tu ndiye sikai. Nashika ufagio nauacha, nachukua jembe, narudi ndani kuangalia kama viti vitatosha. Ningekupigia, lakini simu yako wajukuu wanaiweka spika, ua mzima unasikia, na haya yana mambo ya mkojo. Soma peke yako.

Unajua mwanao anasomea maabara pale Tabora mjini. Nilishakwambia? Nakwambia tena. Akivaa koti lake jeupe, hata mimi niliyemzaa nusura nimwamkie. Basi mwaka huu yutiai ilimsumbua. Akitibiwa anapona, baada ya muda inarudi, mkojo unachoma, chooni haishi kwenda. Mchumba wake Emanueli, yule mwalimu wa Puge, alijua yote na hakuwa na neno. Ila aliyemlea ni shangazi yake, Felista, na kwao bila yeye mahari haitoki. Habari zikamfikia. Njia hii ya kwetu zamani wapagazi walipita na pembe za ndovu vichwani. Siku hizi inapitisha umbeya, na umbeya hautui mzigo kupumzika. Felista akasema mbele za watu: "Ugonjwa unaorudi una mwanaume anayerudi."

Neno hilo lilininyima usingizi. Halafu akatuma salamu kwamba anakuja kujionea mwenyewe.

Nikamuuliza Editha, hivi hao wadudu wanakaaje humo na wewe unakunywa maji ndoo nzima? Akasema wana vinywele vidogo, na nchani mna kitu kama ndoano, kinashika sukari iliyo kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Mimi nilipokamata "sukari" sikusikia tena lingine. Nikaifungia yote kabatini. Tukawa tunakunywa chai kavu, Baba Editha ananuna kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Shangazi akaingia na salamu ya huku: "Mwangaluka!" Alikuwa amekata njia mashambani kutoka stesheni, na kitenge chake kipya kimejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi, kuanzia magotini hadi kwenye pindo. Akaketi anazibandua. Nikamletea chai. Akaonja, akaweka kikombe chini.

"Mama Editha, hapa kuna msiba? Au ndiyo mnanifukuza?"

Nikamweleza kuwa wadudu wanashika sukari.

"Mama!" Editha akajifunika uso. "Si sukari ya dukani! Ni ya mwili wenyewe, ipo hata usipolamba!"

Shangazi hakucheka. "Hao wadudu waliingiaje?"

"Wanaishi tumboni mwa kila mtu, shangazi, hata mwako, na huko hawana neno. Ila njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi. Wakihama kidogo tu, wamefika."

"Na kurudi rudi je?"

Hapo mwanao, damu yetu ile, akapiga magoti mbele yake, akabandua mbegu moja.

"Shangazi, hizi umezipata kwa mwanaume gani?"

Dada! Baba Editha alitazama nje kana kwamba mbuzi wamemwita.

"Nimepita tu shambani," akasema Shangazi.

"Basi kung'uta."

Akakung'uta. Chache zilidondoka, nyingine zikabaki vile vile.

"Ndivyo walivyo. Maji yanawatoa wengi, ndiyo maana tunaambiwa tunywe. Ila walionasa, mkojo ukiwavuta ndiyo wanazidi kukaza. Wengine wanajipenyeza ndani ya ngozi yenyewe, wanajificha, dawa ikiisha wanatoka. Wenye waume wanaugua, hata sista wa parokiani anaugua."

"Hata mjane?"

Aliuliza polepole. Editha akamtazama. "Hata mjane, shangazi."

Wakaenda uani wawili, wakakawia. Kesho yake wakapanda pamoja kwenda hospitali mjini. Shangazi alipokuja kuniaga alinishika mkono: "Tangu nimzike mume wangu naumwa. Nimekunywa mizizi, nimenyamaza. Niliogopa watu watasema kile nilichosema mimi." Nilitaka kumjibu kwa hasira zangu zote. Nikamfungia asali.

Sasa ananipigia kila mara: "Mwambie mwanangu sijaruka hata kidonge." Mwanangu! Siku aliyotaja mahari alisema watakuja na ukoo mzima. Na mimi, unanijua, nikamjibu kuwa wa kwetu hawaenei behewa moja. Dada, huku ugenini niko na Baba Editha na kuku. Usiniache nikaumbuka.

Msalimie mama mkubwa, aje hata kwa kubebwa. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na kaka katekista, ndiye atakayefungua kwa sala. Waambie chai itakuwa na sukari.

Ni mimi mdogo wako, Mama Editha, nitakayesimama stesheni ya Kigwa tangu Ijumaa, nikiwatazamia nyote kwa Jumamosi inayofuata Pentekoste.